Mgongo Hautoki Damu

Mhadhara kwa wananchi wa Kikoneni, Kaunti ya Kwale



Nimepewa saa moja. Mtu wa Pwani kupewa saa moja aseme yote ni kama kupewa kahawa bila kashata, lakini nitajikaza. (Kicheko.) Mwenyekiti wa mkutano amenitambulisha kwa maneno makubwa kuliko kimo changu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu walioumia kuinuka, kuketi na kutembea upya, na mara kwa mara kuitwa mahakamani nimweleze hakimu kwa nini mtu asiye na kovu hata moja hawezi kuinama kuchota maji.

Nimekuja kusema juu ya mtu aliyeumia shingo au mgongo katika ajali ya gari: atibiwe na nani, na nani alipe. Watu huyaona kuwa maswali mawili. La kwanza hupelekwa kwa mkandaji, la pili kwa wakili, na hao wawili hawajuani. Mimi nasema ni swali moja, na jibu lake huandikwa katika siku chache za mwanzo, wakati mgonjwa mwenyewe bado anasema "niko sawa, msijali".

Barabara yetu ya Likoni hadi Lunga Lunga mnaijua kunishinda. Malori ya miwa, malori yanayovuka mpaka kwenda Horohoro, Tanzania, matatu za Msambweni, Probox zilizopakia watu na mbuzi, na bodaboda zinazochomoka kutoka kila njia ya vumbi. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu watu 4,324 waliokufa barabarani Kenya nzima. Hao walihesabiwa kwa sababu walikufa. Anayerudi nyumbani kwa miguu yake akaanza kuumwa siku ya tatu hayumo katika hesabu ya mtu yeyote. Huyo ndiye nimemfuata hapa Kikoneni.

Hoja ya kwanza: jeraha la mgongo hujificha, nasi tunalisaidia kujificha

Mama mmoja, simtaji, alikuwa nyuma ya bodaboda na kapu la machungwa mapajani. Kwenye kona pikapu ikawagonga kwa nyuma. Akaanguka, akainuka, akakung'uta leso, akaokota machungwa yake moja moja, akayahesabu. Dereva wa pikapu alishuka, akampa pole na noti ya shilingi elfu moja. Watu wakasema alhamdulillahi, hakuna damu. Usiku ule alilala vizuri tu. Siku ya tatu aliamka shingo imekaza kama gogo, hawezi kugeuka kuangalia mtoto analia upande gani.

Kilichompata si uchawi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Chukueni kidumu cha maji cha lita tano, kisimamisheni juu ya fimbo, halafu isukumeni fimbo ghafla. Kidumu kitabaki nyuma, kisha kitarushwa mbele. Shingo ndiyo fimbo yenyewe. Mifupa huenda isivunjike, lakini nyama na kano zilizoivuta hupata michubuko midogo midogo, na uvimbe wake huja polepole, mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Ukipiga picha ya eksirei, mifupa itaonekana mizima, kwa sababu eksirei huona mifupa. Nyama na kano haizioni. Mgonjwa ataambiwa "picha ni safi", naye atarudi nyumbani akidhani ameitwa mwongo.

Yule mama alikandwa kwa mafuta ya nazi wiki tano. Alipoona mkono umeanza kufa ganzi, ndipo akaenda kituo cha afya, sisemi kipi. Akaulizwa dirishani: unaumwa nini? Shingo na mgongo. Tangu lini? Akajibu kama tunavyojibu sisi sote: "Kitambo." Na aliyekuwa akiandika aliandika alichosikia: maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Neno pikapu halikuandikwa. Tarehe ya ajali haikuandikwa.

Kesi ilipofika, wakili wa upande wa bima hakuwa na haja ya mashahidi. Alisimama na kadi ile moja, akaisoma, akaketi. Mimi nilikuwa kizimbani nimejiandaa kueleza kano na neva, na sikuwa na la kusema kuhusu neno "kitambo". Basi nikitoka hapa leo na mtu mmoja tu aliyekumbuka jambo moja, liwe hili: dirishani taja tarehe, taja gari, taja mahali. "Niligongwa na pikapu Jumanne saa kumi jioni, nikaanguka ubavu wa kulia." Halafu mwombe anayeandika akusomee. Nawe si mkorofi ukiomba hivyo.

Kuna kosa lingine linalofanyika mapema zaidi, pale pale kwenye lami. Naomba kijana mmoja aje hapa mbele alale kwenye mkeka. Wewe, mwenye kofia. Usiogope, hatukufanyii kitu mbele ya chifu. (Kicheko.) Sasa, sisi hufanya hivi: mmoja anashika kwapa, mwingine miguu, tunamkunja mtu kama godoro tunamsukumiza kwenye kiti cha nyuma cha Probox, tukikimbilia Msambweni. Tuna huruma. Lakini ikiwa mfupa wa shingo umepasuka, uti wa mgongo, ule uzi laini unaopita ndani ya mifupa, unaweza kukatwa na mikono yetu wenyewe, baada ya gari kuuacha mzima.

Angalieni. Kama hapana moto wala gari jingine linalokuja, usimwinue. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili, viganja masikioni, asikiachie mpaka mwisho. Huyo ndiye kapteni. Hakuna anayesogea mpaka aseme. Watatu wakae upande mmoja: bega, nyonga, magoti. Kapteni akihesabu tatu, wote wanamgeuza pamoja kama gogo moja, kichwa kikifuata kifua. Ubao unapitishwa chini: mlango wa zamani, benchi, chochote kilichonyooka. Mnamrudisha juu yake, mnafunga kwa leso. Asante kijana, inuka. Imechukua chini ya dakika mbili. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na polisi ni 999 au 112.

Hoja ya pili: si kila mkono unafaa kila mgongo

Hapa nitagusa mambo ya watu, mnivumilie.

Wakandaji wetu nawaheshimu. Bibi yangu alikuwa akikanda, na mikono yake ilijua mahali msuli ulipojifunga kabla ya kuuona. Kukanda kwa mafuta ya uvuguvugu kunapunguza maumivu ya msuli uliokaza. Ila mkandaji hana eksirei, na kuna migongo ambayo haipaswi kuguswa kabla ya picha. Zijueni alama zake. Mikono au miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu. Mkojo hautoki, au unatoka bila mtu kujua. Sehemu za siri na ndani ya mapaja hazihisi. Maumivu yako katikati, juu ya mfupa wenyewe, na yanazidi ukibonyeza. Mwenye moja kati ya hizo hakandwi, havutwi, wala hapewi dawa ya kupaka. Analazwa amenyooka na kupelekwa hospitali ya rufaa Msambweni, na kutoka hapo ikibidi Mombasa, hospitali kuu ya Pwani.

Sasa vijana mmeniuliza nje kuhusu zile video za simu: mtu analazwa kitandani, daktari anamgeuza shingo, kwaa! mgongo unaalika, mgonjwa anatabasamu. Hiyo inaitwa kairopraktiki. Asili yake si China wala India, watu wengi hukosea. Ilianzishwa mwaka 1895 huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, na Daniel David Palmer, mtu aliyekuwa akijiita mponyaji kwa nguvu za sumaku. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Harvey Lillard, msafishaji wa jengo ambaye masikio yake hayakusikia vizuri. Palmer alisukuma mfupa mmoja wa mgongo wake, na ikasemwa akasikia. Tangu hapo kazi hiyo imekua, ikapata vyuo na sheria zake. Katika Afrika, vyuo vinavyojulikana zaidi viko Afrika Kusini, Durban na Johannesburg. Hapa kwetu wataalamu hao ni wachache, wamesomea ng'ambo, na utawapata mijini.

Je, inafaa? Kwa maumivu ya kiuno ya kawaida, kualisha mgongo kunasaidia kiasi, takriban sawa na mazoezi na tiba nyingine za mikono. Kwa shingo iliyotikiswa na gari, kinachosaidia zaidi ni kuisogeza mapema na taratibu, kwa mazoezi, badala ya kuifunga kola mwezi mzima. Na kuigeuza shingo kwa nguvu kuna hatari, adimu lakini ya kweli: mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo unaweza kuchanika, mtu akapata kiharusi. Anayejifunzia kazi hii kwenye simu akaja kuwaalisha wenzake kijiweni anacheza na mshipa huo. Sina neno laini la kumwambia.

Mtu wa kwanza wa kumwona, baada ya daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Tuna sheria yetu ya mwaka 2014 na baraza letu linalosajili wataalamu. Muulize anayekuhudumia namba yake ya usajili, hatakasirika, na akikasirika una jibu lako. Na kwa ajili ya yale nitakayosema sasa hivi, kumbuka kwamba mtaalamu wa fiziotherapia huandika kila kikao: tarehe, shingo iligeuka nyuzi ngapi, maumivu ni ngapi kati ya kumi. Mkandaji haandiki. Mahakamani yale maandishi ndiyo macho ya hakimu.

Hoja ya tatu: neno "bima" ni moja, milango ni mitatu

Watu wengi hudhani gari likiwa na stika ya bima, hospitali italipwa na bima hiyo siku ile ile. Halipo hilo. Bima ya gari haisimami dirishani. Italipa baadaye, baada ya dai na mara nyingi baada ya kesi, na leo unahitaji sindano.

Mlango wa kwanza, wa leo, ni bima ya afya. NHIF, mfuko wa zamani, ilikoma, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ni ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kujiandikisha ni *147# kwenye simu. Katika zahanati na vituo vya afya kama hiki chenu, huduma za msingi hulipwa na mfuko wa serikali ukishajisajili. Ukilazwa au ukipelekwa hospitali kubwa, mchango wako uwe umelipwa. Na hata asiye na kitu chochote, Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Neno ni dharura: kukuokoa na kukutuliza. Vikao ishirini vya fiziotherapia si dharura, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mlango wa pili ni kwa aliyeumia akiwa kazini: dereva, makanga, turnboi wa lori la miwa, mlinzi aliyetumwa na bosi wake. Huyu yuko chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Hahitaji kuthibitisha kosa la mtu. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa afisa wa usalama kazini, na kumlipia matibabu. Madereva wengi wa Pwani huacha haki hii kwa sababu wanaona aibu kumdai tajiri aliyewapa gari.

Mlango wa tatu ndio mnaousubiri: Sura ya 405 ya sheria za Kenya, bima ya lazima kwa mtu wa tatu. Inatokana na fikra iliyoanza kuwa sheria Uingereza mwaka 1930, kwamba mwenye gari asiingie barabarani ikiwa hawezi kumlipa atakayemuumiza. Mtu wa tatu ni wewe: mwenda kwa miguu, abiria wa matatu, abiria wa bodaboda, au dereva wa gari lililogongwa. Kikomo chake ni shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Zaidi ya hapo, mwenye gari ajitafute.

Yasikilizeni haya machache, kwa sababu mawakala huyasema kinyume. Kampuni haiwezi kukukatalia wewe uliyeumia kwa kusema matatu ilijaza kupita kiasi, au breki zilikuwa mbovu. Hilo ni ugomvi wao na mwenye gari. Lakini ukipewa lifti ya bure kwenye gari la mtu binafsi likapinduka lenyewe, bima ya lazima haikubebi. Abiria anayelindwa ni wa gari la kulipiwa, au anayesafirishwa kwa mkataba wa kazi. Ndiyo maana lifti ya pikapu kutoka harusini inaweza kuwa ghali kuliko nauli. Na Kenya ni lazima uthibitishe kosa la dereva. Ikiwa nanyi mlikuwa mmekaa watatu kwenye pikipiki bila helmeti, hakimu atakupunguzia fungu lako.

Naona mzee pale anataka kusema kwamba binamu yake Marekani alitibiwa kwa kairopraktiki na bima ikalipa mara moja. Ni kweli, mzee, ila ni sheria ya kule. Katika jimbo la Florida, kwa mfano, kila mwenye gari hununua bima inayomlipia matibabu yake mwenyewe hadi dola 10,000 bila kuuliza nani alikosea, tiba ya kairopraktiki ikiwemo, mradi amwone mtaalamu ndani ya siku 14. Uingereza wameenda njia nyingine: tangu tarehe 31 Mei 2021 shingo iliyotikiswa ina bei ya jedwali, na ilipoanza, maumivu yasiyozidi miezi mitatu yalikuwa pauni 240 tu, kwa sababu madai ya shingo yalikuwa yamefurika. Sisi hatuna lile la Florida wala hili la Uingereza. Kwetu hakuna sheria inayosema kairopraktiki inalipiwa au hailipiwi. Akikutibu mtu anayestahili, kwa barua ya daktari, kwa jeraha la ajali ile, na una risiti, mahakama inaweza kukurudishia. Ukiwa na bima binafsi ya afya, soma mkataba kabla ya kwenda. Nyingi hutaka barua ya daktari kwanza.

Hoja ya nne: maumivu yasiyoandikwa hayalipwi

Mahakama zetu hugawa fidia mafungu mawili. Kuna fidia ya maumivu na maisha yaliyoharibika, ambayo hakimu hukadiria akiangalia kesi zilizotangulia. Na kuna gharama ulizotoa mfukoni. Hizi za pili lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe senti kwa senti. Hata matibabu ya mbele, vile vikao utakavyohitaji mwakani, lazima yatajwe. Usipoyataja, hakimu hawezi kukupa hata akikuhurumia.

Basi nendeni mkanunue bahasha ya kaki. Bahasha moja, ikae chini ya godoro. Ndani yake iingie namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, siku ile ile au kesho yake. Iingie abstrakti ya polisi, inayotaja magari, madereva na kampuni ya bima. Fomu ya P3 ya polisi, iliyojazwa na daktari. Kadi ya hospitali, picha za eksirei, barua za rufaa, maandishi ya fiziotherapia, na risiti za dawa. Nauli ya kwenda Msambweni na kurudi, andika tarehe na kiasi, na uombe risiti. Ukilipa kwa M-Pesa usifute ujumbe. Na picha ya simu ya stika ya bima kwenye kioo cha gari lililokugonga. Hiyo huchukua sekunde tano, na mwezi ujao stika hiyo huenda isiwepo. Ukiwa na namba ya gari tu, unaweza kutafuta jina la mwenyewe kwenye kumbukumbu za NTSA kupitia eCitizen.

Muda. Kesi ya jeraha lazima ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu ajali. Kampuni ya bima ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 14 baada ya kufunguliwa. Wakili akisahau notisi hiyo, mnaweza kushinda kesi na kampuni ikakataa kulipa. Muulizeni: notisi imekwenda? Nionyeshe nakala. Mtoto hana haraka hiyo, miaka yake mitatu huanza akitimiza 18, lakini mashahidi huhama na karatasi huliwa na mchwa.

Kampuni itakutaka uonwe na daktari wao. Nenda. Usijikunje kupita maumivu yako. Daktari huyo ameona wengi, na akikukamata ukiinama vizuri kufunga viatu mlangoni, ataandika.

Hoja ya tano, fupi

Kuna karatasi ya kuogopwa. Mwenye gari anakuja nyumbani na wazee, sukari kilo mbili, shilingi elfu tano, na karatasi isemayo "sitadai tena". Suluhu ni jambo jema katika dini zetu zote. Lakini usiweke sahihi kabla shingo haijamaliza kusema. Pokea pole, mkaribishe chai, mwambie tutaonana baada ya daktari. Vivyo hivyo kwa hati ya kampuni ya bima inayofunga dai lote: ukishaweka sahihi, imekwisha.

Waogopeni pia madalali wanaofika hospitalini kabla ya ndugu zako, wanaosema wakili wao hachukui kitu mpaka mshinde, kisha achukue nusu. Makubaliano ya namna hiyo Sheria ya Mawakili haiyatambui. Wakili mzuri hakutafuti wodini.

Mtaniuliza: na kampuni yenyewe ikianguka? Hutokea. Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2011, Xplico mwaka 2023, Invesco mwaka 2024, na matatu nyingi zilikuwa humo. Uko mfuko wa serikali wa kuwafidia wenye bima, lakini kikomo chake ni kidogo na njia yake ni ndefu. Dhidi ya hilo sina dawa ya kuwapa, ila kuwaambia wenye matatu mlio hapa kwamba bima ya bei ya chini kabisa huwa na sababu ya kuwa chini.

Tunaelekea wapi

Sikuja kulaumu kisha nirudi zangu. Nimezungumza na mwenyekiti wa bodaboda kabla ya mkutano, naye amekubali mambo mawili. La kwanza, kila steji iwe na ubao mmoja wa kubebea mgonjwa, futi sita na nusu kwa moja na nusu, na leso nne. Fundi seremala wa hapa anaujua. La pili, vijana kumi na wawili wajifunze kugeuza mtu kama gogo, vile tulivyofanya na mwenzenu mwenye kofia. Nitawafundisha mwenyewe, Jumamosi tatu, bila malipo. Chai ni juu yenu.

Kwa mwakilishi wetu wa wadi ya Pongwe/Kikoneni, ombi langu ni dogo kuliko barabara: siku moja kwa wiki, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Msambweni aketi katika kituo cha afya cha Kikoneni. Mtu mwenye mgongo ulioumia akipanda bodaboda kwenye njia ya mawe kufuata tiba ya mgongo, tiba hiyo humalizikia njiani. Kitanda, mkeka, daftari. Mashine zinaweza kusubiri.

Na kwa wenzangu wakandaji, nimeacha madaftari kumi kwa mwalimu mkuu. Andikeni jina, tarehe, na neno moja: aliumia vipi. Mkiona moja ya zile alama nilizotaja, mikono chini, mgonjwa hospitali.

La mwisho, kwa sababu nimeulizwa mara tatu tangu asubuhi. Fomu ya P3 haiuzwi. Abstrakti haiuzwi. Mkiombwa pesa, ombeni risiti.